Nyoka Ambaye Sikumtuma

Jumatatu, 24 Februari

Nimechuma muguka tangu alfajiri. Mgongo umekataa kunyooka. Jua la huku chini Mbeere halina adabu, linakuingia hata ndani ya leso. Pikapu ya kuchukua magunia imechelewa, majani yakaanza kulegea, na muguka uliolegea hakuna anayeutafuna, tukawa tunayanyunyizia maji na kuilaani ile pikapu. Siku kama zingine.

Mama mkwe amepita mlangoni kwangu na kikombe kimefunikwa kwa sahani. Maziwa ya kwanza ya asubuhi. Hakugeuka hata kidogo. Anampelekea "mume wake". Mume wake mwenyewe ana miezi saba na meno mawili. Ni mtoto wa Wanja, mke wa shemeji yangu Nyaga, na amepewa jina la marehemu baba mkwe, Njeru, kama desturi yetu inavyotaka kwa mvulana wa kwanza. Basi mama mkwe humwita mume wangu. Humwimbia. Humuuliza kama amelala vizuri. Mimi nimezaa mara tatu katika boma hili, wasichana watatu. Wa kwanza, Beti, ana jina la mama mkwe mwenyewe. Sikumbuki Beti akiletewa kikombe kilichofunikwa.

Naona wivu. Nauandika hapa kwa sababu sina pengine pa kuuweka.

Wanja ni mtu wa juu, wa Runyenjes, kwenye chai na baridi. Amepanga kuni zake kando ya ukuta wa jikoni, chini ya paa, kama wanavyofanya kwao ili zisinyeshewe. Kwao mvua ni kila siku. Hapa mvua ni mgeni. Halafu kuku wanalala humo humo jikoni, na mtama wao unamwagika, na panya wanashiba. Huko ni kumtandikia nyoka kitanda. Nilimwambia jioni kwenye tangi la maji, wanawake wote wakisikia: "Endelea tu kupanga kuni hapo. Nyoka watakuja kukusalimia." Wanawake wakacheka. Wanja hakucheka. Ningeweza kumwambia kwa upole. Sikutaka.

Alhamisi, 27 Februari

Ireri, mume wangu, ameshinda akitengeneza mlango wa jikoni wa Wanja. Mlango wangu wa choo unaning'inia kwa bawaba moja tangu Krismasi.

Naelewa. Nyaga ameajiriwa dukani Majengo, Meru mjini, huja mwisho wa mwezi tu. Lazima mtu amsaidie mkewe. Naelewa sana. Ireri amerudi ameshiba. Mukimo wa Runyenjes, anasema, viazi vya kuponda na majani ya malenge. Githeri yangu, mahindi na maharagwe tu, nikampa mbwa. Mbwa akanusa, akaniangalia, akalala. Hata mbwa.

Nimejaribu kutafuta kosa la Wanja nikakosa. Hasengenyi. Hajawahi kuniomba chumvi akakosa kurudisha. Kila asubuhi ananisalimia kabla sijamsalimia, "Mama Beti, umeamkaje?", na mimi najibu kama mtu anayeng'olewa jino. Ingekuwa rahisi kama angekuwa mbaya.

Jumapili, 2 Machi

Shukrani za mtoto kanisani. Mama mkwe alicheza mpaka mbele na leso mpya. Akasema Mungu amemrudishia mzee wake. Watu wakapiga vigelegele. Nikapiga makofi na mimi.

Ireri alimbeba mtoto, akamwinua juu kusanyiko limwone. Sijawahi kumwona na uso ule. Miaka kumi na mitano ya ndoa na hajawahi kuniuliza kuhusu mvulana, hata kwa mzaha. Leo nimejua alikuwa akijiuliza mwenyewe. Afadhali angeniuliza.

Nilikula kidogo. Nilisema kichwa kinauma.

Jumanne, 4 Machi

Swila jikoni kwa Wanja.

Nilikuwa napepeta ndengu nikasikia ukemi. Nitaandika ukweli. Kitu cha kwanza kilichonijia ni furaha. Ndogo, lakini furaha. Halafu miguu ikakimbia yenyewe.

Swila alikuwa amesimama katikati ya kuku, shingo imetanuka, na alikuwa ameshatema sumu. Wanja amepiga magoti nje ya mlango, mikono machoni, anasugua. Hawajui kabisa nyoka hawa, maskini, anasugua! Nilimvuta mikono kwa nguvu. Nikamlaza chini, nikamfungua kope kwa vidole, nikammwagia mtungi mzima wa maji, halafu wa pili. Alishika sketi yangu na kuing'ang'ania. Mtoto alikuwa amelala ndani ya nyumba, hakujua lolote.

Ireri alikuja na jembe. Akamuua, akamchoma.

Jioni Wanja alikuwa anaona, ila macho mekundu kama pilipili. Mama mkwe alimshukuru Ireri mbele ya majirani. Ireri! Na maji yalimwagwa na nani?

Ijumaa, 7 Machi

Wanawake wananyamaza nikifika shambani. Mama Kithaka, ambaye huchuma mstari ulio kando ya wangu miaka yote, leo amehamia upande wa pili wa shamba. Nikiwa nimeinama nikamsikia mmoja nyuma ya kichaka: "Si alisema watakuja? Na wamekuja." Mwingine akajibu, "Lisemwalo lipo, kama halipo laja."

Hapa kwetu nyoka akija tu, anauawa na kusahaulika. Nyoka akija baada ya neno baya, huyo ana mwenyewe. Huyo ni nyoka wa kutumwa. Na anayetuma ni nani? Mwenye wivu. Hakuna anayeuliza zaidi ya hapo.

Kilichonichoma si kuitwa mchawi. Kilichonichoma ni kwamba wivu wenyewe walikuwa wameuona siku zote. Nilidhani nimeuficha. Nilidhani tabasamu langu linatosha. Kumbe boma zima, na shamba zima, na kanisa zima walikuwa wakiniangalia nikiuma meno.

Ireri ameniuliza, "Ulisema nini pale kwa tangi?" Nikamwambia. Akafikiria sana.

"Lakini ulisema tu?"

"Nilisema tu."

Akageukia ukuta.

Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Mimi nimejikwaa ulimi mbele ya mashahidi.

Jumatatu, 10 Machi

Mvua ya kwanza imenyesha jana. Ardhi inanukia vizuri. Leo wamempata bafe ndani ya lundo la matawi ya muguka, karibu na njia ya kwenda kwa Wanja. Mnene, mfupi, amelala tu. Bafe hakimbii mtu. Anakungoja umkanyage. Walimpiga mawe mpaka akawa haonekani ni nini.

Nyoka wa pili ndani ya wiki moja.

Nilijaribu kuwaeleza. Mvua ya kwanza huwatoa. Panya huwaita. Kuku, mtama, kuni. Mama Kithaka akanikata: "Na wewe mbona unawajua hivyo?" Nimezaliwa huku chini, ndiyo sababu! Yeye pia amezaliwa huku chini! Mtoto wa chekechea huku anajua kwamba kuni hukaa mbali na ukuta. Wote wanajua. Wameamua kusahau kwa sababu hadithi ya Mama Beti ni tamu zaidi.

Nilienda kwa Wanja nikamwambia tuhamishe zile kuni, mimi na yeye, sasa hivi. Nilikuwa nimeshachukua ufito wa kupekulia. Mama mkwe akatokea mlangoni. Akasema hakuna mtu kugusa kuni hizo mpaka kaka yake, Mzee Ndwiga, aje aziangalie Jumamosi. Kitu cha kutumwa hakiguswi ovyo. "Hasa wewe," akasema.

Basi kuni ziko pale pale.

Mama mkwe hali chakula changu tena. Alisema ni tumbo. Halafu nikamwona kwa Wanja anakula ugali na mchuzi wa kuku, tumbo halina neno.

Wanja aliangalia chini tu. Sijui anafikiri nini. Nina hasira naye kwa sababu yeye ndiye anayehurumiwa.

Jumatano, 12 Machi

Leo hakuna aliyenisalimia isipokuwa Wanja. Nikamchukia zaidi.

Ijumaa, 14 Machi

Jana sikuandika. Mikono ilikataa. Nitaandika yote leo, bila kuruka.

Wanja aliumwa na bafe jana mchana. Alikuwa anavuta ukuni wa kupikia. Mtu ataambiwa asiguse kuni mpaka Jumamosi na mtoto atakula nini? Alivuta kwa mkono wa kulia, bafe akamuuma kidole cha shahada.

Nilikuwa shambani. Nilipofika walikuwa wamemlaza kitandani kwa mama mkwe, mkono umefungwa kwa kipande cha leso, umekazwa hadi nyama imebonyea. Mzee Ndwiga alikuwa ameshafika. Yule wa kuja Jumamosi, jana alipata pikipiki ya haraka. Na boda boda ya Murithi ilikuwa langoni, imekuja kumbeba mgonjwa, lakini Murithi alikuwa ameambiwa azime.

Mzee Ndwiga alikuwa amekaa kwenye kiti katikati ya nyumba. Akasema, "Hii si ya hospitali. Nyoka wa kutumwa, ukidungwa sindano unaenda hapo hapo. Mwenye kutuma aondoe kwanza." Watu wote wakaniangalia.

Nikasema sikutuma. Nikasema kwa jina la Mungu. Nikasema mfungueni hiyo leso mtaua mkono. Hakuna aliyeniruhusu kumkaribia. Simu ya mama mkwe ilikuwa imewekwa sauti ya juu, Nyaga analia huko Majengo: "Fanyeni tu vile mjomba anasema! Mama Beti, tafadhali, nakuomba!" Tafadhali. Kama vile dawa ni ufunguo niliouficha mfukoni.

Nilimwangalia Ireri. Nilimtegemea yeye. Macho yake hayakuuliza kama nimetuma. Yalikuwa yananiomba niondoe.

Tukakaa hivyo. Wao wakingoja, mimi nikikataa. Mkono ukavimba vidole vikashindwa kukunjika, ngozi ikang'aa, halafu uvimbe ukapita kiwiko. Wanja akatapika. Mara ya pili nikaona damu kwenye ufizi. Mtoto alikuwa analilia titi na mama mkwe amemshika mbali, anaogopa sumu itapita kwenye maziwa. Murithi alichungulia mlangoni akasema, "Wazee, huyu tunampoteza." Mzee Ndwiga akamwambia atoke nje.

Nitaandika na hili. Nilifikiri: nikiendelea kukataa, nitakuwa na haki yangu. Kesho pia nitakuwa nayo. Na Wanja atakuwa ameenda. Halafu likaja wazo la pili, sikuliita. Mtoto asiye na mama angelelewa na nani katika boma hili? Na mimi. Angekuwa wangu. Ireri angekuwa na mvulana wa kumwinua juu. Wazo lilikuja limekamilika, limeoga, limevaa. Nikaliangalia. Sijawahi kumwogopa nyoka yeyote kama nilivyojiogopa hapo.

Nikasema, "Ni mimi. Mimi ndiye nilimtuma."

 

Mzee Ndwiga hakushangaa. Alinielekeza kwa upole, kama mwalimu na mwanafunzi aliyekubali hatimaye. Nijaze maji kinywani. Nimtemee kifuani na mkononi. Niseme maneno. Mkono wangu ulitetemeka kikombe kikagonga meno. Nikatema. Nikasema: "Nimeondoa. Kilichokuwa changu kimerudi kwangu. Apone." Nilipoinama Wanja alifungua macho akaniangalia, karibu kabisa.

Halafu nikaona bado wamekaa. Mzee Ndwiga anataka tungoje tuone kama uvimbe utashuka. Tungoje! Hapo kitu kikakatika ndani yangu. Nikasimama nikapiga kelele, "Nimeondoa! Sasa ni hospitali! Asipopelekwa saa hii, naapa, nitamrudisha yule nyoka!"

Sijawahi kuona watu wakitii namna ile. Mzee Ndwiga mwenyewe alisogeza kiti. Ireri alimbeba Wanja mpaka langoni. Nilikaa nyuma yake kwenye boda, nimemkumbatia katikati yangu na Murithi, mkono wake kwenye paja langu, mzito na moto. Hakuna aliyesema nisiende. Ireri akafuata na pikipiki nyingine.

Hospitalini walifungua leso pole pole. Walimwekea dripu. Dawa yenyewe ya sumu ya nyoka ilikuwepo, namshukuru Mungu. Daktari, msichana mdogo tu, akauliza, "Mbona mmechelewa hivi?" Ireri aliangalia viatu vyake. Nikamjibu mimi: "Tulikuwa tunazungumza."

Jumapili, 16 Machi

Wanja yuko hai. Kidole wanasema hakitapona.

Kanisani benchi langu lilikuwa langu peke yangu, mimi na wasichana wangu wawili wadogo. Mhubiri alihubiri kikulacho ki nguoni mwako. Hakuniangalia hata mara moja, ndipo nikajua ni mimi.

Nilikuwa nimejipa moyo. Nilijiambia watu na waseme, kuna mtu mmoja anayenijua. Aliyelala nami miaka kumi na mitano. Hahitaji kuelezwa. Ataniangalia tu, tutacheka, atasema kweli ulimtisha mjomba.

Jioni nikimenya viazi, Ireri akaja akasimama karibu. Akasema, "Asante kwa kuondoa."

Nilingoja acheke. Hakucheka. Alikuwa ananishukuru kwa moyo wake wote.

Nimemaliza viazi vyote, hata vya kesho.

Jumatano, 19 Machi

Mama mkwe ameniletea maziwa. Ya kwanza ya asubuhi. Amebisha hodi, jambo ambalo hajafanya tangu niolewe. Ameweka kikombe kwenye stuli kwa mikono miwili, akarudi nyuma. "Mama Beti, karibu maziwa, mwanangu." Mwanangu!

Nikamwambia, "Mama, mimi sikutuma nyoka. Nilisema vile ili mkubali apelekwe."

"Ndiyo, ndiyo," akasema haraka. "Hukutuma. Kabisa." Ndivyo watu humwongelesha ng'ombe dume aliyekata kamba.

Nikanywa. Yalikuwa matamu. Hilo ndilo lililoniudhi.

Mzee Ndwiga amechinja mbuzi, amesafisha boma. Kuni za Wanja zimechomwa zote. Panya waliokuwa wakiishi humo wametawanyika, nusu wamehamia kwangu. Nyama ilipogawanywa nilipewa mapema, kipande kizuri, na aliyenipa hakuniangalia machoni. Mama Kithaka amenirudishia sufuria niliyomwazima mwaka juzi.

Nilitaka heshima katika boma hili kwa miaka mingi. Nimeipata. Wanaishika kwa ncha za vidole.

Jumamosi, 22 Machi

Mtoto wangu wa mwisho ameniuliza kama naweza kumtumia nyoka mwalimu wa hesabu, mdogo tu, asiye na sumu.

Nilicheka mpaka nikalia. Halafu nikalia tu.

Jumatano, 26 Machi

Wanja amerudi. Nimemwona kutoka shambani, anashuka polepole, mkono umefungwa bandeji nyeupe na kutundikwa shingoni. Kidole cha shahada kimeenda. Nyaga ameomba ruhusa kazini, amemshika kiuno kama yai.

Boma limejaa watu. Unga, sukari, mayai, kuku wawili. Mama mkwe analia na kuimba. Ireri anabeba viti. Mimi sikwenda. Nani angetaka nije?

Nilikaa mlangoni nikahesabu wageni wake. Nikajiuliza, angeniuma mimi yule bafe, nani angeniletea mayai? Namwonea wivu mtu aliyekatwa kidole. Nimekuwa mtu wa namna gani.

Ijumaa, 28 Machi

Nimemwambia Ireri ukweli tena, polepole, kama mtu anayemfundisha mtoto kusoma. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Yamepita, Igoki. Tusiyafukue." Aliniita kwa jina langu, mwenyewe akidhani ananitendea wema.

Nimefikiria kurudi kwetu. Nimefikiria Beti, yuko bweni, bado hajasikia. Atasikia kwa nani? Nimefikiria pia kwamba nikiondoka watasema, mnaona?

Sitaondoka.

Jumatatu, 31 Machi

Nyaga amerudi kazini Majengo. Mvua imenyesha vizuri, muguka umechipua, tumechuma mapema.

Tulikuwa tumekaa kando ya barabara na magunia, tunangoja pikapu. Wote upande ule, mimi upande huu. Wanja akaja kutoka nyumbani. Mtoto kwenye mkono wa kushoto, leso begani. Nilidhani anampelekea mtu mtoto amshike. Mama Kithaka akanyoosha mikono. Wanja akampita. Akanijia mimi, akageuka, akanipa mgongo.

"Nifungie mtoto, Mama Beti. Mkono mmoja hauwezi fundo."

Nilimpokea mtoto. Mzito, anatoa mate, ananiangalia bila shida yoyote. Nikamweka mgongoni kwake, nikatandaza leso, nikavuta.

Akasema kwa sauti ya chini, bila kugeuka, "Najua ulidanganya. Nilikuona vile ulikuwa unatetemeka. Nimewaambia wote. Cucu yake huyu mtoto, Nyaga, hata yule mjomba."

"Wakasema nini?"

"Eti umenifunga macho." Akainama zaidi. "Sasa kama kusema haisaidii, si waone tu. Kaza, kaza, huyu ni mzito."

Nikakaza. Akajipangusa, akaniambia asante kwa sauti ambayo kila mtu alisikia, akaondoka na mtoto mgongoni kurudi nyumbani, bila haraka, katikati ya barabara.

Pikapu ikaja. Tukapakia. Mama Kithaka alishika upande mmoja wa gunia langu, mimi upande wa pili.

Mimi nilisema uwongo mbele ya watu wasionipenda. Yeye amempa mchawi mtoto wake, mbele ya watu wanaompenda, na akanipa mgongo. Hata hapo amenishinda. Nimerudi nyumbani nikimwonea wivu kwa hilo pia.

Kesho nitapita kwake kabla ya kwenda shambani, nimfungie mtoto. Hajaniomba.